Kutafuta maneno ya Kiingereza kutoka kwenye herufi ulizonazo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa watu tunaocheza nao Scrabble (mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi) barazani kwangu hapa Kampala kila Jumamosi jioni, kwa walimu wanaotaka zoezi la darasani, na kwa wazazi ambao mtoto amerudi na daftari limeandikwa "panga herufi hizi upate neno". Mifano mingi nimeitoa kwenye majina ya miji ya Uganda, maana ndizo herufi tunazozisoma kila siku kwenye vibao vya mabasi. Maneno ya Kiingereza nimeyaandika kwa herufi kubwa ili yasichanganyike na maelezo.

## Ya msingi

1. "Kutafuta maneno kwenye herufi" maana yake nini hasa?

Maana zake ni nyingi, na watu wengi hukwama kwa sababu hawajajua wanauliza lipi. Chukua LIRA. Ukitaka neno linalotumia herufi zote nne na zisizidi, utapata RAIL, LIAR, LAIR, RIAL, ARIL na LARI, pamoja na LIRA yenyewe. Huko ni kupangua na kupanga upya. Ukiruhusiwa kuacha baadhi ya herufi, mlango unapanuka: MBALE inatoa BLAME na AMBLE kwa herufi zote tano, kisha LAMB, MEAL, BEAM, BALM, ABLE na mengine mafupi.

Namna ya tatu ni neno lenye herufi zako zote pamoja na za ziada. SOROTI ukiiongezea T moja inakuwa RISOTTO. Hili ndilo swali la mchezaji wa Scrabble, kwa sababu herufi ya ziada iko tayari ubaoni.

Namna ya nne ni herufi zinazofuatana bila kuachana. UGA, mwanzo wa jina la nchi yetu, imo ndani ya SUGAR, COUGAR na FRUGAL. MPA imo ndani ya COMPARE, EMPATHY na IMPALA, yaani swala yule yule aliyekipa kilima cha Kampala jina lake. Mwisho kuna swali la chemshabongo za magazeti: unajua herufi ya pili ni A na ya tano ni E, nyingine hujui. Kila swali kati ya haya lina njia yake, kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta lipi.

2. Herufi moja naweza kuitumia mara ngapi?

Mara zile zile ulizonayo. KAMPALA ina A tatu na M moja. LAMA na KALPA zinatoka, LAMP na PALM zinatoka, lakini MAMA haitoki kwa sababu inadai M ya pili. Ipo michezo ya magazetini inayokuruhusu kurudia herufi utakavyo, lakini hapo sharti limeandikwa wazi. Kama halijaandikwa, hesabu.

3. Neno gani linahesabiwa kuwa la Kiingereza?

Linategemea orodha mliyokubaliana kabla ya kuanza, na ugomvi mwingi mezani ungeisha kama jambo hili lingesemwa mapema. Wachezaji wa Scrabble wa Afrika Mashariki, kama wa Uingereza na Nigeria, hufuata orodha ya Collins, yenye maneno takriban 280,000. Marekani na Kanada wana orodha yao, fupi kuliko hiyo. Collins inakubali COLOUR na COLOR pia. Darasani kwetu tunafundisha COLOUR, kwa hiyo mtoto anayejiandaa kwa mtihani asichukue neno kwenye programu ya simu kabla hajaangalia kama ni tahajia ya shuleni.

Majina ya watu na mahali hayakubaliki, vifupisho havikubaliki, wala maneno yenye kistari cha kuunganisha. Lakini jina la mahali linaweza kuwa pia neno la kawaida. Lira mji haukubaliki. LIRA fedha inakubalika, na herufi ni zile zile.

4. Je, maneno ya kwetu yanakubalika?

Mengi kuliko watu wanavyodhani, na hili ni swali ninalolipenda. Kwenye orodha ya Collins yamo MATOKE na MATOOKE, UGALI, MZEE, DUKA, SHAMBA, PANGA, KANZU, NGOMA, BWANA, ASKARI, SAFARI na UHURU. MATATU nayo imo kwa maana ya gari la abiria la Kenya. Huku kwetu neno hilo tunalitumia zaidi kwa mchezo wa karata.

Maneno haya yana kazi. UGALI inakuondolea U, A na I kwa mpigo mmoja. UHURU inakula U tatu, na hata U mbili mkononi ni mzigo. MZEE inakupa pa kuiweka Z yenye alama 10. Ila usikate shauri kwamba kila neno linaloeleweka Kampala limo. Hakikisha kabla ya kuliweka, kwa sababu neno likipingwa na likaonekana si halali, unaviondoa vipande vyako na zamu hiyo unapata sifuri.

## Kutafuta kwa mkono

5. Nina herufi saba mbele yangu na sioni kitu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuzisogeza. Herufi saba tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 5,040, na kichwa cha mtu hakizipitii zote. Vidole vinasaidia zaidi ya tunavyokubali.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilikuwa na A, E, I, P, R, S, T. Nikazitazama nimekunja mikono, nikaona PAIRS, nikaiweka kwa alama 7. Mpinzani wangu, mwalimu mstaafu, alinyamaza mpaka mchezo ulipoisha. Ndipo akazikusanya zile saba, akazipanga taratibu mbele yangu: PARTIES. Akazipangua, akapanga tena: PIRATES. "Mwanangu," akasema, "ulizitazama, hukuzigusa." Herufi saba zikienda ubaoni kwa mara moja unaongezewa alama 50. PARTIES ingenipa 59 hata kabla ya kuhesabu miraba ya nyongeza, na nafasi ya kuiweka ilikuwepo.

Sasa njia yenyewe. Tenga kwanza mikia inayojulikana: ING, ED, ER, EST, LY, ION, OUS, ABLE. Ukiwa na A, D, E, G, I, N, R, peleka ING upande wa kulia. Zimebaki R, E, A, D, na neno limejitokeza: READING. Usisimame hapo. Rudisha ING katikati, peleka ED kulia, utabaki na G, R, A, I, N: GRAINED. Mikia ikishindwa, jaribu vichwa: RE, UN, IN, OUT, DIS, PRE. Baada ya hapo tafuta konsonanti zinazopenda kukaa pamoja: TH, SH, CH, ST, TR, CK, GH.

Herufi ngumu kama K, V, W au J ishughulikie kwanza. Maneno yenye V ni machache kuliko yenye E, kwa hiyo V inakupunguzia kazi. Wanaoanza huiacha mwisho, wakajikuta nayo mkononi hadi mchezo unakwisha.

6. Kwa nini sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunapitwa na maneno fulani?

Kwa sababu jicho letu limezoea kutazama mbele ya neno. Kitabu na vitabu, mtoto na watoto, ninasoma na tulisoma: mabadiliko mengi yako mwanzoni. Kiingereza huyaweka nyuma: BOOK, BOOKS, BOOKED, BOOKING, BOOKER. Jizoeze kusoma vipande vyako kutoka kulia. Kwa wiki mbili za kwanza nilijilazimisha kufanya hivyo, na hakuna zoezi lililonisaidia zaidi.

Jambo la pili ni irabu. Neno la Kiswahili huishia na irabu, na konsonanti zetu hazirundikani sana. Kiingereza kina STRENGTHS, herufi tisa na irabu moja tu. Ukiona konsonanti nne na E moja usikate tamaa.

La tatu, hatuna Q wala X, na C tunaijua ikiwa na H pembeni tu. Wengi huziogopa herufi hizi kama wageni. Na kwa wenzetu waliokulia kwenye Kiganda kuna L na R: katika maandishi ya Kiganda R hufuata E na I, kwingineko ni L, kwa hiyo sikio huzichukulia kuwa sauti moja. Kwenye Kiingereza RICE na LICE ni vitu viwili mbali kabisa. Ukiwa na L, jaribu neno lako mara ya pili kama vile ungekuwa na R, halafu uhakikishe ni ipi uliyo nayo.

7. Je, kuna herufi zinazozaa kuliko nyingine?

Zipo. Sita zinazoandika SATIRE ni shamba lenye rutuba. Ongeza N upate RETAINS, RETINAS, NASTIER na STAINER. Ongeza L upate REALIST, RETAILS na SALTIER. Kwa D ni TIRADES na ASTRIDE, kwa W ni WAITERS, kwa F ni FAIREST, kwa H ni HASTIER, kwa G ni GAITERS. P umeiona kwenye swali la 5.

Kwa hiyo unapochagua neno la kuweka, tazama pia unachobaki nacho. Afadhali kuweka neno dogo la alama 12 ukabaki na S, A, T, R, kuliko kuchukua alama 15 ukabaki na U, U, V, W. Sheria hii haina ushindi wa papo kwa papo, ndiyo maana wageni huipuuza.

8. Nimepata irabu tupu, au konsonanti tupu. Nifanyeje?

Irabu zikijaa, kumbuka ADIEU, AUDIO na MIAOU, zenye irabu nne kila moja, na vipande vya herufi mbili kama AA, AE, AI, OE na OI. UGALI tumeshaitaja. Neno SEQUOIA, mti mkubwa wa Marekani, lina irabu zote tano kwa herufi saba.

Konsonanti zikijaa, itafute Y kwanza: RHYTHM, NYMPH, CRYPT, LYNX, PYGMY. Bila Y kuna NTH, SHH, PSST na CWM, ambalo ni bonde kwa lugha ya Wales. Haya yote kariri, hayapatikani kwa kubahatisha.

9. Je, Q lazima ifuatwe na U?

Hapana, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana. Maneno mengi ya Q isiyofuatwa na U yametoka Kiarabu, na sisi tunayo nyumbani kwa sura nyingine. QADI ni kadhi. QIBLA ni kibla. TALAQ ni talaka. FAQIR ni fakiri. NIQAB ni nikabu. SUQ na SOUQ ni soko. QAT ni miraa, au mairungi kama tunavyoiita Uganda. La kuongeza ni QI, lililotoka Kichina, fupi kuliko yote na lenye manufaa kuliko yote.

Nilipomweleza hivi mzee mmoja aliyesoma madrasa utotoni, alikariri yote kabla chai haijapoa.

10. Lazima nijue maana ya neno?

Kwa kucheza, hapana. Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Mwaka huo huo, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Anayesema mchezo huu ni wa waliozaliwa na Kiingereza hajui matokeo.

Kwa mtoto wa shule, au kwako unayetaka lugha ikue, jifunze maana. Neno lenye picha kichwani hukaa, orodha tupu huvuja.

## Simu na kompyuta

11. Programu za kutafuta maneno hufanyaje kazi kwa haraka hivyo?

Hazijaribu mipangilio yote 5,040. Hila yake ni nyepesi na inapendeza: kila neno la kamusi hupangwa herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti. RAIL inakuwa AILR. LIAR inakuwa AILR. LAIR vile vile. Maneno yote yenye ufunguo mmoja huwekwa kwenye chumba kimoja. Ukiandika LIRA, programu inaipanga kuwa AILR, inafungua chumba hicho na kukuletea vilivyomo.

Unaweza kufanya hivyo kwa daftari. Mimi ninalo moja lenye kurasa za funguo: OPST pana STOP, SPOT, POST, POTS, TOPS na OPTS, EILNST pana LISTEN, SILENT, TINSEL, ENLIST na INLETS. Kuliandika kulinifundisha zaidi ya kulisoma.

12. Data yangu ni ya kubana. Naweza kutafuta bila intaneti?

Unaweza. Zipo programu zinazopakuliwa mara moja na orodha yote ikabaki ndani. Zyzzyva inajulikana sana kwa wachezaji. Au weka faili la maneno, neno moja kila mstari, kwenye kompyuta na ulichambue kwa grep, amri ya kompyuta inayotafuta mistari yenye herufi unazotaka. Kamusi ya karatasi nayo inatosha kuthibitisha neno, ila haifai kutafutia kwa sababu imepangwa kwa herufi ya kwanza.

13. Niliandika [lira] kwenye grep kutafuta neno la herufi nne, nikaletewa ARIA. Kosa liko wapi?

Mabano hayahesabu. Yanasema tu "herufi yoyote kati ya hizi", na A imerudiwa mara mbili kwenye ARIA wakati wewe unayo moja. Njia ya mabano inafaa kwa swali la nafasi, lile la chemshabongo. Ukitaka hesabu sahihi tumia njia ya ufunguo iliyo kwenye swali la 11.

14. Kutumia programu ni udanganyifu?

Katikati ya mchezo, ndiyo, na hakuna cha kujadili. Baada ya mchezo ni kusoma. Andika herufi zilizokushinda, rudi nyumbani, zipambanie kwa robo saa, ndipo ufungue simu. Ukiifungua kabla ya kupambana, neno litakuja na litaondoka.

## Watoto na darasa

15. Nina wanafunzi wengi na sina seti ya mchezo. Nifanyeje?

Vizibo vya soda. Kusanya 100, vioshe, andika herufi kwa kalamu ya wino mzito usiofutika. Seti ya Kiingereza ina E 12, A na I 9 kila moja, O 8, N, R na T 6 kila moja, L, S, U na D 4 kila moja, G 3, kisha B, C, M, P, F, H, V, W na Y mbili mbili, na K, J, X, Q na Z moja moja. Viwili viache vitupu.

Jambo moja ambalo halimo kwenye maelekezo yoyote niliyoyaona: kizibo ni duara, hakina juu wala chini. M ikigeuka ni W, N ikilala ni Z. Piga mstari chini ya kila herufi kabla wino haujakauka. Nilisahau mara ya kwanza, na watoto wakagombana hadi kengele ikalia.

Anza na herufi nne au tano, kwa jina la mji ambao mtoto anaufahamu. PADER ni nzuri sana: PARED, PADRE, DRAPE, na ukiongeza S, SPREAD na SPARED. Usiwape majina yasiyotoa neno.

## Yasiyo ya kawaida

16. Kipande kitupu kinahesabiwaje?

Kinasimama badala ya herufi yoyote, kwa alama sifuri. Unakihitaji hasa pale herufi inapojirudia kuliko ilivyo kwenye seti. J ni moja tu, kwa hiyo JUJU inadai kipande kitupu, na alama zake ni 10: J halisi 8, U mbili 2. PIZZAZZ ina Z nne. Z moja na vitupu viwili ni tatu. Imo kwenye kamusi lakini haiwezi kuandikwa kwa seti moja.

17. Wordle nayo inafuata njia hizi?

Kwa sehemu. Ni mchezo wa kukisia neno la herufi tano kwa majaribio sita, na kila jaribio linakuambia herufi ipi imo na kama iko mahali pake, kwa hiyo ni mchanganyiko wa namna ya tatu na ya mwisho za swali la 1. Anza na neno lenye herufi zinazotumika sana na zisizojirudia. Mimi huanza na CRANE, yule korongo wa bendera yetu. Kumbuka kwamba jibu linaweza kuwa na herufi iliyorudiwa. Hapo ndipo wengi hupotea.

18. Herufi zenye alama na ŋ zinakuwaje?

Alama huondolewa: café ya Kifaransa huandikwa CAFE. Herufi ŋ ya Kiganda haimo kwenye Kiingereza, na kuigawa kuwa N na G ni kazi ya tahajia ya Kiganda, isiingie hapa.

19. Miji gani ya Uganda inageuka kuwa neno kamili, bila kubakiza herufi?

Hili huulizwa na abiria zaidi ya wachezaji. Lira na Mbale tumeziona, na Pader pia. ARUA ni AURA. OYAM ni MAYO. APAC ni PACA, mnyama mla mimea wa Amerika Kusini. MOROTO inatoa MOTOR ikabakiza O, na TORORO inatoa ROTOR ikabakiza O vile vile. ENTEBBE yenye E tatu inavunjika vipande vipande: TEEN, BEET, BENT, EBB. GULU inaishia kwenye LUG na GUL.

Masaka ilinichukua muda mrefu kuliko yote. Nilikuwa nimekaa dirishani, basi halijajaa, kibao cha basi la jirani kimeandikwa MASAKA, na A tatu zikikataa kukaa. MASK niliipata, lakini A mbili zilibaki. Jioni nikafungua orodha ya Collins kwenye K, nikakuta KAAMA: ni kongoni. Mmoja ni KAAMA, wengi ni KAAMAS, na hizo ni herufi sita za Masaka, zote.